Kulowea Marseille: Gati, Kadi na Kalamu katika Riwaya za McKay na Sembène

Uhakiki wa riwaya za watu weusi waliokaa Ufaransa umezoea kuzisoma kama fasihi ya uhamisho. Mhusika katoka kwao, moyo kauacha kwao, na mji wa ugenini ni kituo tu cha kuhesabia machungu. Usomaji huo huenda ukafaa kwa baadhi ya kazi za wanafunzi wa Paris, waliokuja na karo na tarehe ya kurudi. Kwa Marseille hautoshi. Huko mgeni alifuata kazi, na swali lililomkabili halikuwa atarudi lini bali atalowea vipi. Kitenzi hiki ndicho kifaacho, ingawa nomino yake, mlowezi, ilitiwa doa nchini Kenya na historia ya Nyanda za Juu. Mlowezi wa Marseille hakuwa na ekari hata moja. Alikuwa na mgongo.

Mji wenyewe hujinasibu na mwasisi mgeni. Mabaharia wa Kigiriki kutoka Phocaea waliuanzisha yapata mwaka 600 kabla ya Kristo, na hekaya yasema kuwa Gyptis, binti wa mtawala wa wenyeji, alimchagua Protis, kiongozi wa wageni hao, awe mumewe. Waliowafuata hawakupokewa kwa arusi. Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, Marseille ilizidi kuwa lango la Ufaransa kuelekea Asia na Afrika ya Mashariki, na watu wa makoloni wakaingia mjini kwa mlango wa bandari, wakiwa mabaharia, makuli au wazamiaji meli.

Claude McKay, mzaliwa wa Jamaika, alikaa humo katika nusu ya pili ya miaka ya 1920, na kazi ya gatini aliionja. Riwaya yake Banjo ilitoka mwaka 1929. Wahusika wake, Wamarekani weusi, watu wa visiwa vya Karibi na Waafrika wa Magharibi, hukutana katika kitongoji duni kando ya Bandari ya Kale. Hawana kazi ya kudumu wala anwani. Wana muziki, mvinyo na maneno. Ray, Mhaiti anayetamani kuandika, husikiliza zaidi ya anavyoandika. McKay mwenyewe aliiita hadithi isiyo na msuko, na msomaji aionaye sifa hiyo kuwa dosari hajaona kuwa fani hapa inafuata maisha: mtu asiye na pa kulala kesho hana msuko wa kuusimulia. Hata hivyo, hawa hawaloweani na mji bali wao kwa wao. Baraza lao ndilo makazi yao.

Kitongoji hicho hakipo tena. Mnamo Januari 1943 polisi wa Ufaransa na majeshi ya Wajerumani waliwafukuza watu wapatao 20,000, na mwezi uliofuata majumba kiasi cha 1,500 yakabomolewa kwa baruti. Hivyo riwaya iliyodharau msuko imekuwa miongoni mwa kumbukumbu za mahali palipofutwa.

Ousmane Sembène, aliyezaliwa Ziguinchor mwaka 1923, alifika mwishoni mwa miaka ya 1940, baada ya kutumikia jeshi la Ufaransa. Aliukuta utaratibu mwingine. Sheria ya tarehe 6 Septemba 1947 ilikuwa imewagawa makuli wa bandari za Ufaransa: wenye kadi ya taaluma, waliotangulizwa katika kuajiriwa, na vibarua wa siku. Yamkini kwa mgeni kadi hiyo ilikuwa na uzito kuliko hati ya nyumba. Sembène alijiunga na shirikisho la wafanyakazi la CGT, kisha na Chama cha Kikomunisti. Makuli hao ndio waliogoma kupakia silaha za vita vya Indochina katika miaka ya 1949 na 1950. Alipoumia mgongo kazini, alipata muda wa kusoma, na maktaba ya chama cha wafanyakazi ikawa shule yake. Wasifu huu hurudiwa mara nyingi kama kisa cha kutia moyo. Maana yake ya kihistoria husahauliwa. Chama kilimpa mgeni kile ambacho mji haukumpa, yaani mahali ambapo kauli yake ilihesabiwa.

Le Docker noir (1956) inauliza kauli hiyo inafika wapi. Diaw Falla ni kuli wa mchana na mwandishi wa usiku, akiishi miongoni mwa Waafrika wa mtaa ambao Sembène anaufananisha na Harlem. Mchumba wake, Catherine, ni wa papo hapo Marseille. Mama yake yuko Senegal. Ginette Tontisane, mwandishi wa Kifaransa, anauchapisha mswada wake kwa jina lake mwenyewe na kutuzwa. Ugomvi unazuka, Ginette anakufa, na Diaw anashtakiwa Paris. Mahakama haiamini kwamba kuli aliweza kuandika kitabu. Ndipo anapoikariri sura ya mwisho kwa moyo.

Tukio hili ndilo kitovu cha riwaya, na lastahili uzito kuliko hotuba za wahusika, ambazo mara nyingi ni nzito mno kwa vinywa vyao. Mshtakiwa anageuka manju mbele ya watu wanaoitambua karatasi peke yake. Anathibitisha umiliki kwa njia ya kwao, na haimwokoi: anahukumiwa kazi ngumu ya maisha. Mji umelikubali bega na kuikataa kalamu. Dosari ya Sembène ni usawiri wa Ginette, ambaye habaki na nafsi zaidi ya wizi wake.

Bandari hiyo iliwapokea pia mabaharia Wakomoro, ambao lugha yao ni ndugu wa Kiswahili, na jumuiya yao mjini ikakua hasa baada ya uhuru wa visiwa mwaka 1975. Salim Hatubou, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1972, alikulia katika mitaa ya kaskazini ya Marseille na kuishi huko hadi kifo chake mwaka 2015. Kitabu chake cha mwaka 1994, Contes de ma grand-mère, ni ngano za bibi yake wa Komoro. Jina lililochapwa kwenye jalada ni lake.