Punje ya mchanga na ubishi wa mabara

Jamani, leo tuache siasa kidogo. Kuna ubishi wa wanajiolojia ninaoufuatilia, nao ni juu ya nchi kavu tunayoikanyaga: ilianza lini?

Mwaka 1972 Preston Cloud alikipa kipindi cha kwanza cha dunia jina la Hades, kuzimu ya Wayunani wa kale. Picha ilikuwa ya moto mtupu, mabara yakaja baadaye, polepole. Richard Armstrong, wa Chuo Kikuu cha British Columbia huko Kanada, alikuwa ameshapinga tangu 1968. Yeye alisema mabara yalitokea mapema sana, na kwamba tangu hapo kinachomezwa chini kinalingana na kinachozaliwa upya. Wengi hawakumkubalia. Mwaka 1991 aliandika tena, akaita ukuaji wa mabara hekaya. Mwaka huohuo akafariki.

Ushahidi ukatoka Jack Hills, Australia Magharibi. Kule kuna mawe yenye punje za zirikoni, nyingi hazifiki hata nusu milimita. Zirikoni inapoganda hupokea urani lakini huikataa risasi. Kwa hiyo risasi unayoikuta ndani imetokana na urani iliyogeuka taratibu, na hiyo ndiyo saa yenyewe. Mwaka 2001 Simon Wilde, John Valley na wenzao walitangaza punje ya miaka bilioni 4.4. Dunia nzima ina bilioni 4.54!

Kilichonishika zaidi ni oksijeni. Baadhi ya punje zina oksijeni-18 nyingi kuliko mwamba uliotoka moja kwa moja tumboni mwa dunia. Hali hiyo huja pale jiwe linapokutana na maji juu ya ardhi, kisha likazikwa na kuyeyuka upya. Maji, ndugu zangu, kwenye hiyo "kuzimu".

Mwaka 2005 Mark Harrison na wenzake walipima hafni ndani ya punje hizo, wakasema mabara yalikuwapo karibu tangu mwanzo. Mwaka 2010 Tony Kemp na wenzake wakajibu kwamba gamba la basalti lililoyeyushwa tena linatosha kueleza vipimo hivyo. Mimi nampa Armstrong nusu ya ushindi: gamba la mapema lilikuwapo, ukubwa wake ndio kesi. Mhariri wangu asingepitisha habari yenye shahidi mdogo namna hii, na miamba iliyozaa punje zile haijapatikana.