Watoto Wawili wa Mombasa Katika Mstari Mmoja

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya iliishinda West Indies kwenye Kombe la Dunia la kriketi. Hadithi hii wengi wameisikia juu juu: mabingwa wa 1975 na 1979 wameangushwa na timu ya watu wenye kazi zao za mchana, Brian Lara katoka na mikimbio 8, West Indies nzima imekwama 93. Wanaokumbuka zaidi watakutajia Maurice Odumbe, mchezaji bora wa siku ile, au Steve Tikolo.

Sasa shuka chini kwenye kadi ya matokeo, pale jicho linapoanza kuchoka. Kuna mstari wa Courtney Walsh: katoka na mikimbio 4, mpira umerushwa na Karim, umedakwa na Chudasama.

Aasif Karim na Dipak Chudasama, wote wawili ni wazaliwa wa Mombasa, wote wa mwaka 1963. Karim alizaliwa tarehe 15 Desemba, siku tatu tu baada ya Uhuru. Yaani umri wake na wa Kenya ni mmoja.

Kriketi na besiboli ni ndugu. Mmoja anarusha, mwingine anapiga kwa gongo, halafu kuna mtu pembeni anaandika kila kitu, na ndiyo maana michezo hii ina raha kwa wapenda takwimu. Mfano ni mechi hiyo hiyo ya Pune. Kenya ilipata 166, lakini ukiuliza nani alifunga mikimbio mingi zaidi, jibu ni hakuna mtu. Mikimbio ya ziada, ile ya bure ambayo mingi ilitokana na mipira mibovu ya West Indies, ilifika 37. Tikolo, aliyeongoza kati ya binadamu, alipata 29. Chudasama alifungua mechi akatolewa na mikimbio 8, na aliyemtoa ni Walsh huyo huyo. Saa chache baadaye akalipiza kwa mikono.

Chudasama kwa kazi alikuwa daktari wa meno. Mwaka uliofuata, Oktoba 1997 jijini Nairobi, yeye na Kennedy Otieno walifungua dhidi ya Bangladesh na hawakutengana mpaka mikimbio 225. Otieno alimaliza na 144, Chudasama 122, Kenya 347 kwa wiketi 3. Bangladesh ilipoingia kupiga, aliyewamaliza ni Karim: wiketi 5 kwa mikimbio 33. Mechi moja, na vijana wawili wa kisiwa hiki, mmoja kwa gongo na mwingine kwa mpira.

Halafu kuna siku ya Durban. Karim alikuwa ameshaiwakilisha Kenya kwenye tenisi, katika Davis Cup, na alikuwa nahodha wa kriketi kwenye Kombe la Dunia la 1999. Baada ya hapo akastaafu. Mwaka 2003 wakamwita arudi, akiwa na miaka 39. Tarehe 15 Machi, katika mji wa bandari wa Bahari ya Hindi kama wetu, alipewa mpira mbele ya Australia, timu iliyochukua kombe mwaka ule bila kupoteza hata mechi moja. Alirusha mipira 50. Australia, wenye mbavu zote zile, walipata mikimbio 7 tu kutoka kwake. Ova 6 hazikutoa hata mkimbio mmoja. Ricky Ponting akaenda, Darren Lehmann akaenda, Brad Hogg akaenda. Kenya ilishindwa, lakini mchezaji bora wa mechi akawa mzee wa upande ulioshindwa.

Basi mbona majina haya hayasikiki mitaani? Soka ina kumbukumbu: ukitaja Feisal, mabingwa wa ligi ya taifa 1965, kuna mzee atageuza shingo. Kriketi ilibaki nyuma ya geti. Mombasa Sports Club ipo tangu 1896, pale Mnazi Mmoja, mwendo wa miguu tu kutoka Mji wa Kale, na mwaka 2006 na 2007 ilipokea mechi za kimataifa. Lakini wapita njia wengi wanauona ukuta na kuhitimisha kwamba huo ni mchezo wa Wahindi. Hapo ndipo pagumu. Tunajisifu kwamba Mombasa ni mji wa watu wengi, tunapiga picha milango ya Mji wa Kale yenye nakshi kutoka pande zote za bahari, kisha ikifika zamu ya kuhesabu wanamichezo wetu, mtoto wa hapa mwenye jina la Chudasama anakuwa mgeni. Kazaliwa wapi? Hapa. Kavaa jezi ya nani? Ya Kenya.

Na kuna jambo jingine kuhusu zile namba za 1997. Zile 225 za Otieno na Chudasama bado ndizo nyingi zaidi kuwahi kupatikana na wapigaji wawili wa Kenya katika mechi za kimataifa za siku moja. 347 bado ndiyo jumla kubwa kuliko zote za Kenya. Ungedhani ni kwa sababu ziko juu mno. Lakini mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi hizo. Tangu hapo kijana wa Kenya, hata akiwa na kipaji cha kutisha, akipiga 300 kesho, kitabu hicho hakitamwandika.

Rekodi ya daktari wa meno kutoka Mombasa haijavunjwa. Tangu 2014 hakuna aliyepewa nafasi ya kuijaribu.