Rejista za wagonjwa wa akili: za Ngara na Biharamulo zinasomwaje?

Leo naongelea kumbukumbu za wagonjwa wa akili, maana watafiti wanazitumia na sisi wa Ngara na Biharamulo tumo humo ndani.

Ukimpeleka zahanati mtu wa kifafa au aliyechanganyikiwa, anaandikwa kwenye kitabu cha MTUHA: jina, umri, anakotoka, ugonjwa. Mwisho wa mwezi wanajumlisha, hesabu inaingia DHIS2, mfumo wa kompyuta uliosambazwa nchi nzima kufikia 2013. Huko zinaenda idadi tu, siyo majina. Mtafiti anayetaka zaidi lazima arudi kwenye vitabu na mafaili, kwa kibali cha maadili, kama kile cha NIMR.

Zina faida, tusibishe. Utafiti mmoja wa 2014 ulitumia kumbukumbu za UNHCR za kliniki za kambi 90 za wakimbizi katika nchi 15, kuanzia 2009 hadi 2013. Kifafa kiliongoza, ikafuata saikosisi, yaani ile ya kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Mimi ningebashiri majinamizi ya vita! Lakini rejista inamhesabu aliyefika kliniki tu. Asiyelala kwa huzuni anabaki nyumbani, au anaandikiwa kichwa kinauma. Na Lukole yetu hapa Ngara ilishafungwa 2008, kwa hiyo haimo.

Halafu kuna mtego wa mipaka. Chato ilimegwa kutoka Biharamulo 2005. Linganisha 2004 na 2006 bila kujua hilo, utadhani wagonjwa wamepona ghafla, kumbe wamebadilishiwa wilaya wakiwa kitandani kwao. Ngara nayo Aprili 1994 ilipokea Wanyarwanda kama 250,000 ndani ya siku moja hivi, Desemba 1996 wakarudishwa. Sasa hapo utagawanya wagonjwa kwa watu wangapi?

Kinachonikera hasa ni hili la kufuta jina halafu mtu anasema siri imetunzwa. Chukua mfano wa kubuni: msichana, miaka 19, kijiji fulani, saikosisi, Machi. Jamani, kijiji kizima kishamjua! Na posa ikivunjika nani atairudisha?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka habari za afya kwenye taarifa nyeti. Kwa hiyo ndugu yako akiombwa saini, ulizeni kwanza: kijiji na tarehe vitaandikwa? Faili ataliona nani? Mkikataa, dawa zake anapaswa kuendelea kupewa kama kawaida.