Foromali na Demani: Tanga Lililoilisha Vuga

Mwandishi wa historia ya Vuga huanza na milima, na hakosei. Lakini makao hayo ya Wakilindi, watawala wa Usambara, yalitegemea pia vyombo vya pwani. Enzi za mfalme wao Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, pembe za ndovu ziliteremka hadi Pangani na nguo zikapanda Usambara. Hata wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke, walioiona Vuga Februari 1857, walifika Pangani kwa chombo cha tanga kabla ya kukwea. Kwa hiyo namna tanga hilo lilivyotawaliwa ni sehemu ya historia ya mlimani, si habari ya wavuvi peke yao.

Ngalawa na mashua za pwani hii hazina ule mti wa chini unaonyoosha ukingo wa tanga katika mashua za Kizungu za starehe, na wapo wanaohesabu kukosekana kwake kuwa upungufu. Mimi nauona ni uamuzi wa mafundi. Kazi ya mti huo imegawanywa: foromali, mti mrefu wa juu, hubeba tanga zima, jarari huipandisha mlingotini, kamba ya goshi hushika pembe ya mbele, demani huvutwa au kulegezwa kwenye pembe ya nyuma, na katika vyombo vikubwa hamarawi huzuia foromali isiyumbe. Dhoruba ikija ghafla, demani huachiwa, tanga likapepea na upepo ukapita bure. Hakuna mti wa kumpiga abiria kichwani, na katikati ya chombo hubaki nafasi ya shehena. Vifaa navyo vilikuwa mbao na kamba za makumbi: kikivunjika kitu, kilitengenezwa pale pale ufukweni.

Pingamizi lenye uzito ni kubisha. Ili kuugeukia upepo, foromali lazima ivushwe upande wa pili wa mlingoti na kamba zifungwe upya, kazi ngumu mawimbi yakichafuka, ilhali mashua yenye mti wa chini hugeuzwa na mtu mmoja aliyeshika usukani. Hilo ni kweli, na aliyetoka Pangani kwenda Unguja wakati wa kusi alitaabika. Ila safari kubwa zilipangwa kwa misimu: kaskazi ikianza, karibu Desemba, njia hiyo hiyo ilikuwa nyepesi. Wavuvi nao hutoka alfajiri na upepo wa nchi kavu, wakarudi alasiri na upepo wa baharini. Chombo hupimwa kwa bahari yake. Kukipima kwa mashindano ya mashua za Ulaya ni kukionea.

Wala si udhaifu wa tanga ulioiondolea Pangani mizigo ya Usambara. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo, chini ya Lushoto, mwaka 1905, na shehena ya milimani ikahamia bandari ya Tanga.