Nyuma ya Kunguru: Kutathmini Hatari za Bunduki ya Upepo Mijini

Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka za mji. Taka hazikwisha, yeye akazaana. Leo ametapakaa pwani, kuanzia Dar es Salaam na Tanga hadi Mombasa na Malindi, akinyakua vifaranga uani na kula mayai na makinda ya ndege wenyeji. Juni 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) lilitangaza azma ya kuangamiza kunguru milioni 1 kabla mwaka haujaisha. Sumu na mitego ndizo silaha kuu za kampeni kama hizo. Bunduki ya upepo huingia mjadalani kwa mlango wa pembeni, na sifa zake zinavutia: haitumii baruti, haina mlio mkubwa, na humpiga ndege mmoja aliyekusudiwa. Hoja yangu ni kwamba sifa hizo zinapotosha tathmini. Tunapima bunduki, ilhali kinachopaswa kupimwa kwanza ni kile kilicho nyuma ya ndege.

Tuanze na nguvu yenyewe. England na Wales huruhusu bunduki ya upepo isiyozidi takriban jouli 16 imilikiwe bila cheti. Scotland imedai leseni tangu mwisho wa 2016. Kiwango hicho cha jouli 16 hutajwa mara nyingi kana kwamba ni mpaka wa usalama. Sivyo. Risasi ya kipenyo cha milimita 4.5, yenye uzito wa nusu gramu, ikibeba nishati hiyo hutoka mdomo wa bunduki kwa kasi ya karibu mita 250 kwa sekunde. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1982 yalionyesha kuwa risasi ya aina hiyo hutoboa ngozi ya binadamu ikifikia takriban mita 100 kwa sekunde. Jicho halihitaji hata kasi hiyo.

Sasa tumweke kunguru mahali pake. Akiwa juu ya mnazi, mpigaji yuko chini na mdomo wa bunduki unatazama angani. Akikosa, risasi itavuka ukuta wa jirani na kuanguka mamia ya mita mbele, mahali asipopaona wala kupajua. Kunguru akiwa ametua juu ya ukuta wa ua au ukingo wa jalala, mpigaji hujiona salama zaidi kwa kuwa ndege yuko karibu. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Risasi iliyokosa husafiri karibu sambamba na ardhi, kwa kimo cha kichwa cha mtu, na baada ya mita 50 kasi yake bado inazidi sana ile inayotoboa ngozi. Ikigonga bati kwa mshazari huteleza na kubadili mwelekeo. Gololi za chuma ni mbaya zaidi, kwa kuwa hazibonyei kama risasi laini. Zikigonga saruji au jiwe la matumbawe hurudi nyuma.

Ukimya wa bunduki hii, unaosifiwa na wauzaji, nao uingizwe kwenye orodha ya hatari. Mlio wa baruti humfanya jirani amwite mtoto ndani. Hapa hakuna anayejua kwamba pana mtu anayelenga shabaha. Na anayemwona mtu na bunduki dirishani hawezi kutambua kwa mbali kuwa ni ya upepo. Atapiga kelele za mwizi au atawaita polisi. Ndiyo maana kituo cha polisi, serikali ya mtaa na majirani ni lazima wajulishwe mapema, mbali na vibali vya silaha na vya wanyamapori.

Majedwali ya tathmini tuliyoyazoea huzidisha uwezekano wa ajali kwa ukubwa wa madhara, kisha hutoa alama moja. Kwa kazi hii siyaamini. Jicho lililopofuka kwa nadra hugeuka alama ya wastani, na wastani hupewa ruhusa. Tena anayepoteza jicho ni mpita njia ambaye hakuwa na faida yoyote katika kuku waliookolewa. Hatari anayobebeshwa mtu asiyeulizwa haifai kupimwa kwa mizani ileile na hatari aliyojichagulia mpigaji, kama ile ya kujaza mtungi wa bunduki hewa yenye mgandamizo mara 200 ya hewa ya kawaida, ambamo tone la mafuta laweza kulipuka. Sheria ya Uingereza ina kifungu cha busara kuhusu hili: ni kosa kufyatua risasi ya upepo ikavuka mpaka wa eneo ulipo bila ridhaa ya mwenye eneo la pili. Kifungu hicho huifuata risasi hadi inapotua.

Yupo atakayesema sumu ni hatari zaidi. Pingamizi hilo lina uzito kwa sumu za holela zinazochanganywa na mabaki ya nyama. Starlicide, iliyotumika Dar es Salaam, ni jambo jingine: huua kunguru kwa kiasi kidogo sana, na wanyama wengi wanyonyeshao pamoja na ndege wawindaji huistahimili zaidi. Kwa upande wake, kunguru aliyejeruhiwa kwa risasi huruka akafie asikojulikana, na paka akimla humeza madini ya risasi. Isitoshe, kunguru hujifunza haraka kumkwepa anayewalenga. Kundi kubwa halimalizwi hivyo.

Kazi inayobaki kwa bunduki hii ni finyu: kuwaondoa wachache waliokwisha kuugundua mtego, ndani ya eneo lililofungwa. Chambo kiwekwe ardhini, mbele ya kifusi cha mchanga, na mpigaji mmoja aliyefunzwa apige kuelekea chini kutoka ghorofani, baada ya kuhakikisha kuwa anayemlenga si kunguru mwenyeji mwenye kifua cheupe. Pasipo na mchanga nyuma ya ndege, asipige. Kwa kigezo hicho, vichochoro vya Mji Mkongwe na mitaa ya Kariakoo havifai kabisa kwa bunduki ya upepo, na mamlaka husika zisitoe kibali huko.