Nairobi 1968: Hoja ya Kuifuta Idara ya Kiingereza

Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiingereza kinatafutwa sana hapa Bujumbura kwa ajili ya kazi. Shakespeare hatafutwi. Ndiyo maana anayesomea shahada ya Lugha na Fasihi ya Kiingereza huulizwa na jamaa zake: hizo tamthilia ni za nini? Swali hilo si geni. Huko Uingereza kwenyewe, Oxford ilianzisha shahada ya fasihi ya Kiingereza mwaka 1894 tu, baada ya ubishi mkali. Kilatini na Kiyunani ndivyo vilivyohesabiwa kuwa elimu.

Kwetu Afrika Mashariki ubishi ulipamba moto Nairobi. Mnamo Septemba 1968 kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza alitoa mapendekezo ya kuiendeleza idara. Tarehe 24 Oktoba wasomi watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban Lo Liyong, wakajibu kwa waraka uliotaka idara hiyo ifutwe. Ngũgĩ mwenyewe alikuwa amesomea Kiingereza Makerere, enzi ambapo shahada za huko zilitolewa na Chuo Kikuu cha London.

Hoja yao ilikuwa juu ya kiini. Kwa nini fasihi ya Uingereza iwe shina na ya Afrika iwe tawi? Walitaka Afrika iwekwe katikati, fasihi simulizi ipewe nafasi yake, na Kiswahili na Kifaransa visomwe pamoja na Kiingereza. Hawakusema Shakespeare atupwe (wengi humsingizia Ngũgĩ jambo hilo). Hatimaye Nairobi ikapata Idara ya Fasihi.

Mwanafunzi wetu huja chuoni na Kirundi cha nyumbani, Kifaransa cha shuleni, na mara nyingi Kiswahili cha Buyenzi. Lugha walizozipigania wale watatu anazo tayari mdomoni. Kinachokosekana ni mwalimu wa kumwambia aisome riwaya ya Achebe sambamba na ibitito alivyosimuliwa na bibi yake.

Na sisi wa Kiswahili tusikae pembeni. Tunafundisha Shaaban Robert na washairi wa pwani, na ni haki yao. Lakini masimulizi ya Buyenzi yako wapi katika silabasi? Tunapendekeza wanafunzi wa idara zote mbili wausome waraka ule pamoja. Umo katika kitabu cha Ngũgĩ, Homecoming, cha mwaka 1972.