Kusi, Kaskazi na Haraka ya da Gama

Huwauliza wanafunzi wangu: maneno kusini na kaskazini yametoka wapi? Ramani, Prof! La hasha. Yametoka kwa pepo, kusi na kaskazi. Pepo hizo hugeuza hata mkondo wa bahari wa Somalia: wakati wa kusi huelekea kaskazini, maji baridi yakaibuka kutoka vilindini na kuipoza pwani, kaskazi ikivuma, mkondo hurudi kusini.

Aprili 24, 1498, Vasco da Gama aliondoka Malindi na rubani aliyepewa na mfalme wa huko. Mei 20 yuko Calicut. Kurudi, hakungoja kaskazi. Aling'oa nanga mapema Oktoba, akafika Malindi Januari 1499. Kiseyeye kiliua mabaharia takriban 30, na merikebu moja ikachomwa kwa kukosa watu.